Kazi Imo Lakini Haipatikani: Kurekebisha Usanidi na Utafutaji wa Mbali katika Hifadhi ya Kidijitali

Hifadhi ya kidijitali ni programu inayopokea kazi za kitaaluma kama vile tasnifu, makala, ripoti na picha, ikazitunza pamoja na metadata zake, yaani maelezo ya mwandishi, kichwa, mwaka na mada, kisha ikamwezesha msomaji aliye popote kuzitafuta na kuzisoma. Katika vyuo vikuu vya Afrika Mashariki programu inayotumika sana kwa kazi hiyo ni DSpace, programu huria iliyotolewa mwaka 2002 na maktaba za Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, Marekani, kwa ushirikiano na maabara za kampuni ya Hewlett-Packard, na Chuo Kikuu cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Makerere ni miongoni mwa vyuo vilivyoichagua. Makala haya yanashughulikia tatizo linalowarudia mara kwa mara wakutubi na wataalamu wa TEHAMA wanaoitunza: kazi imo ndani ya seva, faili lake ni zima, lakini anayeitafuta kutoka mbali haipati. Hitilafu ya namna hii hutafutwa kuanzia ndani kwenda nje, tabaka baada ya tabaka, kwa sababu anayeanzia nje huona dalili tu, na mara nyingi hubadilisha mambo matano yaliyokuwa sawa kabla ya kuligusa moja lililoharibika.

Kuanzia toleo la 7, lililotoka mwaka 2021, DSpace imegawanyika katika sehemu mbili, kila moja ikiendeshwa peke yake. Ya kwanza ni seva ya nyuma, iliyoandikwa kwa lugha ya Java na kwa kawaida kuendeshwa ndani ya programu ya Tomcat kwenye poti 8080, poti ikiwa ni namba ya mlango ambao programu husikilizia maombi. Ya pili ni sura anayoiona msomaji, iliyoundwa kwa Angular na kusikiliza kwenye poti 4000. Nyuma ya hizo mbili kuna hifadhidata ya PostgreSQL inayotunza metadata na ruhusa, folda ya mafaili yenyewe, na Solr, mtambo wa utafutaji unaosikiliza kwenye poti 8983, na mbele ya hizo zote husimama Apache au Nginx kama wakala, yaani programu inayopokea maombi kupitia anwani ya chuo na kuyapeleka ndani. Ombi la msomaji mmoja hupita katika sehemu hizi karibu zote kabla ya jibu kurudi, na sehemu yoyote ikikwama msomaji huona kitu kilekile: ukurasa mtupu, au maneno ya kwamba hakuna kilichopatikana. Ndiyo maana taarifa ya msomaji, hata ikiwa ya kweli kabisa, haitoshi kuonyesha kasoro iko wapi.

Uchunguzi basi huanzia kwenye seva yenyewe. Amri ya dspace database test huonyesha kama hifadhidata inafikika, na dspace database info huonyesha kama mabadiliko ya muundo wake yanayotakiwa na toleo jipya yamekwisha kutekelezwa au bado yanasubiri. Baada ya hapo hufunguliwa anwani ya http://localhost:8983/solr, ambako zinapaswa kuonekana faharasa zilizotengwa kwa kazi mbalimbali, zikiwemo search ya utafutaji, oai ya uvunaji wa metadata na mifumo mingine, na statistics ya takwimu za matumizi; kisha http://localhost:8080/server/api, ambayo ikijibu kwa maandishi yenye viungo huthibitisha kwamba seva ya nyuma iko hai. Anwani hiyohiyo ya mwisho hujaribiwa tena kutoka nje ya chuo, kwa intaneti ya simu kwa mfano, kwa kutumia jina la umma la hifadhi. Ikijibu ndani na isijibu nje, kasoro iko kwa wakala, kwenye ngome ya mtandao au kwenye cheti cha usalama, na hakuna haja ya kugusa DSpace hata kidogo. Wapo wanaofungua poti ya Solr kwa dunia nzima ili kurahisisha majaribio haya. Jambo hilo halifai hata kwa saa moja, kwani Solr isiyolindwa kwa nywila humruhusu yeyote anayeifikia kufuta faharasa yote.

Kumbukumbu za mfumo, zinazoandikwa katika faili la dspace.log na katika zile za Tomcat, zinahitaji kusomwa kwa utaratibu wake. Hitilafu moja ya Java huzaa mistari mingi, na mara nyingi hitilafu iliyotangulia kutokea ndiyo huzizalisha zinazofuata, hivyo mchunguzi hurudi hadi dakika tatizo lilipoanza badala ya kusoma mkiani mwa faili, na ndani ya hitilafu hiyo hutazama mstari wa mwisho unaoanza na maneno Caused by, kwa kuwa huo ndio hutaja chanzo chenyewe. Mistari ya juu yake, mirefu na ya kutisha, kwa sehemu kubwa hueleza njia tu ambayo hitilafu ilipitia.

Upande wa usanidi, yaani thamani zinazoiambia programu iko wapi na ifanye nini, kanuni ya kwanza ni kwamba thamani za chuo huandikwa katika faili la local.cfg na si katika dspace.cfg, kwa kuwa la kwanza hutangulia la pili na hubaki salama programu inapoboreshwa. Mtu anaweza kuhariri faili kwa usahihi kamili na asione badiliko lolote, ama kwa sababu amehariri nakala iliyo kwenye folda ya chanzo badala ya ile iliyosakinishwa, ama kwa sababu thamani hiyohiyo imeandikwa pia mahali pengine katika faili, ama kwa kuwa Tomcat haijawashwa upya. Amri ya dspace dsprop -p ikifuatiwa na jina la thamani huonyesha kile ambacho mfumo unakisoma kweli, na inapaswa kuwa ya kwanza kutumika kabla ya mtu kuamini macho yake kuhusu faili lililo mbele yake.

Thamani mbili hubeba lawama nyingi kuliko nyingine zote. Nazo ni dspace.server.url, ambayo ni anwani ya umma ya seva ya nyuma, na dspace.ui.url, ambayo ni anwani ya sura. Kosa lililozoeleka ni kuacha neno localhost, lenye maana ya mashine hiihii, ndani yake, kwa sababu mfumo ulipojaribiwa kwenye mashine moja ulifanya kazi vizuri. Msomaji aliye Mwanza au Muscat anapofungua hifadhi, kivinjari chake hutumwa kuitafuta seva ya nyuma kwenye kompyuta yake mwenyewe, ambako haipo. Kipimo ni rahisi: ukurasa wa /server/api ukifunguliwa kutoka nje, viungo vyote vilivyomo vinapaswa kuanza na anwani ya umma, na kikionekana hata kimoja chenye localhost, au chenye http pale palipotakiwa https, chanzo kimepatikana. Anwani hizi haziishii na mkwaju, na ile ya seva ya nyuma inapaswa kulingana kabisa na ile iliyo katika faili la config.prod.yml upande wa sura, faili ambalo mistari yake hupangwa kwa nafasi tupu na huharibika likiingizwa alama za kichupo.

Ukali huu wa kulinganisha anwani una sababu yake. Vivinjari vya kisasa haviruhusu ukurasa uliotoka anwani moja kusoma data za anwani nyingine mpaka seva ya pili itoe idhini, na DSpace, isipoambiwa vingine, huitoa idhini hiyo kwa anwani iliyotajwa katika dspace.ui.url tu. Msomaji anayeingia kupitia jina lenye www, au kupitia namba ya IP aliyopewa zamani, hukutana na ujumbe wa Invalid CORS request ilhali mwenzake anayeingia kwa jina rasmi haoni shida yoyote, na hapo ndipo watunzaji hudhani tatizo liko kwenye kompyuta ya msomaji. Dawa iliyo bora ni kumwelekeza wakala awahamishie wasomaji wote kwenye anwani moja rasmi yenye https, na kuhakikisha anaipa seva ya nyuma jina na aina ya muunganisho alioupokea. Kuongeza anwani nyingi katika rest.cors.allowed-origins hufaa pale tu ambapo kuna mfumo mwingine halali wa chuo unaohitaji kusoma data hizo.

Matabaka yote yakiwa yamejibu na bado utafutaji hautoi kitu, lawama huhamia kwenye faharasa. Solr haisomi hifadhidata kila mtu anapouliza. Hutumia faharasa iliyotengenezwa mapema, kama mwanafunzi anayefungua kurasa za nyuma za kitabu badala ya kukisoma chote, na faharasa iliyopitwa na wakati hudai kwamba kazi haipo wakati ipo. Amri ya dspace index-discovery huongeza yaliyobadilika, na ikipewa alama ya -b hufuta faharasa ya utafutaji na kuijenga upya tangu mwanzo. Kwenye hifadhi kubwa ujenzi huo huchukua saa nyingi, nao ukikatizwa na umeme huacha hifadhi ikionyesha nusu ya kazi zake, hivyo huanzishwa usiku, kwenye seva yenye umeme wa akiba, na baada ya kuwatangazia wasomaji. Kuna tahadhari moja isiyopaswa kusahaulika: faharasa za search na oai hujengwa upya kutoka kwenye hifadhidata, lakini ile ya statistics haijengwi upya kutoka huko, kwani idadi ya usomaji na upakuaji haitunzwi kwenye hifadhidata. Anayefuta faharasa zote za Solr kwa nia ya kuanza upya hufuta historia nzima ya matumizi ya hifadhi, na njia ya kutegemewa ya kuirudisha ni nakala rudufu.

Pengine kichwa cha tasnifu hupatikana lakini neno lililo ndani ya sura yake ya nne halipatikani. Hapo maswali ni mawili. La kwanza ni kama faili la PDF lina maandishi au lina picha za kurasa tu, kwa kuwa tasnifu nyingi za miaka ya 1980 na 1990 ziliingizwa kwa skana na hazina hata herufi moja ambayo kompyuta inaitambua. Hizo huhitaji kupitishwa kwenye programu ya utambuzi wa herufi, kama Tesseract, kabla ya kuwekwa. La pili ni ukomo wa usanidi: amri ya dspace filter-media, inayotoa maandishi kwenye mafaili ili yaingizwe kwenye faharasa, katika matoleo ya karibuni hutoa herufi 100,000 za mwanzo tu isipoelekezwa vingine, na faharasa nayo ina ukomo kama huo. Tasnifu ya uzamivu huvuka kiwango hicho kabla ya kufika katikati, kwa hiyo matokeo na mapendekezo ya mtafiti, ambayo ndiyo kiini cha kazi, hubaki nje ya utafutaji. Thamani za textextractor.max-chars na discovery.solr.fulltext.charLimit huongezwa kwa kulingana na kumbukumbu ya RAM iliyopo, kisha maandishi hutolewa upya na faharasa hujengwa upya.

Kwa hifadhi zenye kazi za Kiswahili liko tatizo jingine ambalo miongozo ya kigeni kwa kawaida hailitaji. Faharasa ya DSpace huja ikiwa imepangwa kwa Kiingereza, lugha ambayo wingi na nyakati huonekana mwishoni mwa neno, kwa hiyo mtambo hukata miisho ili umoja na wingi vikutane. Kiswahili hubadilika mwanzoni: mkulima na wakulima, kijiji na vijiji, ugonjwa na magonjwa ni kwa Solr maneno yasiyo na uhusiano wowote, na mtafiti anayeandika magonjwa ya mifugo hataoneshwa kazi yenye kichwa kinachotaja ugonjwa wa mbuzi. Njia ya kudumu ni nidhamu ya wakutubi, yaani kuingiza mada kwa umoja na kwa wingi katika uga wa maneno muhimu. Njia ya pili ni faili la visawe la Solr, ambamo maneno yanayopaswa kuhesabiwa kuwa kitu kimoja huandikwa kwenye mstari mmoja yakitenganishwa kwa koma, baada ya kuthibitisha kwamba mpangilio wa faharasa unalisoma faili hilo. Msomaji naye anaweza kufundishwa kutumia nyota: *kulima humletea mkulima na wakulima kwa pamoja, ingawa *gonjwa humletea wagonjwa pia, hata kama alitaka magonjwa tu.

Alama ya ritifaa nayo huleta hasara isiyoonekana. Programu za kuandikia hubadilisha ritifaa iliyonyooka kuwa iliyopinda bila kumwuliza mwandishi, hivyo ng'ombe wa tasnifu moja na ng’ombe wa tasnifu nyingine hutunzwa kwa alama mbili tofauti ambazo jicho halizitofautishi lakini kompyuta huzitofautisha. Majina ya watu hufuata mkumbo huohuo, maana Shaaban Robert akiingizwa mahali pengine kama Shaban Robert, kazi zake hugawanyika katika orodha mbili, na msomaji anayebofya moja hajui kwamba kuna ya pili. Usafishaji hufanywa kwa pamoja: dspace metadata-export hutoa metadata katika faili la CSV, marekebisho hufanywa humo, kwa mfano kwa programu ya OpenRefine, kisha dspace metadata-import huyarudisha. Faili hilo lifunguliwe na kuhifadhiwa kwa usimbaji wa UTF-8, vinginevyo kosa moja la programu ya majedwali litaharibu herufi za rekodi zote kwa mkupuo.

Utafutaji wa mbali kwa maana yake kamili, yaani mfumo mmoja kutafuta katika hifadhi za wengine, una njia mbili. Njia ya kwanza ni kuuliza papo kwa papo, kama zifanyavyo itifaki za Z39.50 na SRU zinazojulikana na watumiaji wa programu ya maktaba ya Koha, au OpenSearch iliyomo ndani ya DSpace: swali la msomaji hutumwa kwa kila seva na majibu hukusanywa. Njia ya pili ni uvunaji kwa itifaki ya OAI-PMH, ambayo toleo lake la 2.0 lilitoka mwaka 2002 na linatumika hadi sasa. Kituo kimoja hupita mara kwa mara kwenye hifadhi nyingi, kikachukua metadata zake na kuziweka kwenye faharasa yake, kama kinavyofanya kituo cha BASE cha Chuo Kikuu cha Bielefeld, Ujerumani, au CORE cha Chuo Kikuu Huria cha Uingereza. Kwa ukanda ambao umeme hukatika na viungo vya intaneti hulegea, uvunaji ni bora kwa mbali, kwa kuwa utafutaji wa papo kwa papo huenda kwa mwendo wa seva iliyo dhaifu kuliko zote, ilhali kazi iliyovunwa jana huonekana leo hata kama seva ya chuo imezimika. Mpango wowote wa vyuo kadhaa kutafutana ungefaa kujengwa juu ya msingi huu.

Uvunaji unaposhindikana, kwanza hufunguliwa anwani ya /server/oai/request?verb=Identify kutoka nje. Jibu linapaswa kuonyesha anwani ya umma ya hifadhi. Likionyesha localhost, mvunaji anayefuata anwani hiyo hatafika popote. Ikiwa jibu ni sahihi lakini kazi mpya hazimo, mara nyingi faharasa ya oai haijasasishwa, kwa kuwa huhitaji amri ya dspace oai import iliyopangwa kujiendesha kila usiku, na si kila aliyesakinisha mfumo aliipanga. Tarehe nazo hudanganya, kwani OAI-PMH hutumia saa za UTC, zilizo nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa tatu: kazi iliyoingizwa saa 7 usiku wa kuamkia tarehe 5 huhesabiwa kuwa ya tarehe 4, na anayevuna kuanzia tarehe 5 ataiacha. Uvunaji unaoanza vizuri na kukatika katikati kwa kawaida umekutana na herufi ya udhibiti isiyoonekana, iliyoingia pamoja na ikisiri iliyonakiliwa kutoka kwenye PDF. XML, lugha inayobeba rekodi hizo, huikataa, na rekodi hiyo moja hulizuia fungu zima. Wakati mwingine ni ngome ya mtandao iliyomfungia mvunaji halali pamoja na roboti zinazolemea seva, na hapo anwani za vituo vinavyoaminika huorodheshwa ziruhusiwe.

Utambulisho wa kudumu unastahili kushughulikiwa siku ya kwanza. DSpace huja na kiambishi cha mfano cha Handle, mfumo wa vitambulisho vya kudumu, nacho ni 123456789, ambacho si cha mtu, na hifadhi inayokiacha hivyo huzalisha viungo vya hdl.handle.net visivyofungua chochote, ambavyo watafiti huvinukuu katika makala zao bila kujua. Chuo hujisajili kwa ada ya kila mwaka, kikapata kiambishi chake, na poti 2641 na 8000 zikafunguliwa kwa ajili ya seva ya Handle. Vilevile oai.identifier.prefix ikishawekwa isibadilishwe, kwa kuwa kila badiliko humfanya mvunaji azione kazi zilezile kuwa mpya na kuziorodhesha mara ya pili.

Pale ambapo hatua hizi hazikutosha, jumuiya ya watumiaji wa DSpace hujibu maswali kwa moyo, mradi swali limeeleza toleo linalotumika, matoleo ya Java, Solr na PostgreSQL, hatua iliyozaa hitilafu, mistari ya kumbukumbu ya dakika hiyohiyo na badiliko la mwisho lililofanywa kabla yake. Kwa sababu hiyo kila hifadhi inahitaji daftari la mabadiliko, na kila badiliko la usanidi lifanywe peke yake na kupimwa kabla ya jingine kufuata. Na kabla ya kumtumia mtu yeyote faili la local.cfg, mtunzaji aondoe nywila ya hifadhidata na ya barua pepe zilizomo ndani yake.